Mgongo Wangu na Drafti ya Faki

Haya jamani! Mliokaa kaeni, na nyie mliosimama kwa sababu mkikaa mgongo unawaka moto, nyie ndio wageni wangu wa heshima, piteni mbele. Wazima wakae nyuma, watasikia kwa jirani. Naitwa Shomari, mkwezi wa minazi, wa hapa hapa Kirongwe. Shule sikusoma. Nilipita nje nikaiona, na yenyewe ikaniona, tukasalimiana, kila mtu akashika njia yake. Basi msingoje niwaeleze kidudu cha TB kina miguu mingapi, hayo muulizeni daktari. Mimi najua benchi la kumngojea huyo daktari, hilo nalijua mpaka misumari yake. Najua kulala kama gogo nikigeuzwa na mke wangu. Najua na kuinuka. Na najua jinsi mgongo wangu huu, uliolala kitandani Kirongwe, ulivyotaka kumnyima mwanangu kazi kule Marekani.

Tuanze na mwanangu, maana nikianza na ugonjwa mtalia kabla ya wakati.

Mwanangu Faki ni mrefu. Hapana, hamjanielewa bado. Siku anazaliwa kichwa kilitoka Jumatatu, miguu ikafika Jumatano, mkunga kesharudi kwao kuoga na kupika. Darasa la tano alikuwa anafuta ubao bila kuinuka kwenye dawati. Kitanda chake nilikiunga na benchi, benchi nikaliunga na kinu, na bado visigino vililala nje vikinyeshewa. Mimi mkwezi, baba yangu mkwezi, babu yangu mkwezi, halafu anakuja mtoto anayechuma madafu kama mama yake anavyochuma pilipili. Wazungu walipompima walisema futi saba na inchi mbili. Mimi nasema utepe wao uliisha.

Mwalimu mmoja wa bara aliyekuwa akifundisha Kilindoni ndiye alimtia mpira wa kikapu mkononi. Kutoka Kilindoni akaenda Dar, kutoka Dar akachukuliwa na chuo cha Marekani, anasomeshwa bure ili awachezee. Kule wamemweka senta, yaani yule anayesimama chini ya kikapu, kazi yake kumwambia kila anayekuja: wewe, hapa hupiti.

Alipoingia mwaka wa tatu ndipo likaja hilo neno drafti. Sisi huku drafti tunaijua ya vifuniko vya soda. Faki akanieleza kwa simu.

"Baba, ni kama chandimu. Si manahodha wanachagua mmoja mmoja, huyu wangu, huyu wako? Basi huko manahodha ni timu kubwa za kulipwa za Marekani yote. Wanaitwa watu wachache tu, dunia nzima inaangalia."

"Na wewe utaitwa?"

"Wanaotabiri wananiweka kwenye kumi wa mwanzo, inshallah."

Nikakata simu, nikatoka uwanjani, nikawaambia watu kwamba wa kwanza ni Faki, wa pili bado hajulikani.

Sasa ugonjwa. Ulinianza masika, niko juu ya mnazi, nusu ya safari. Mgongo ukaning'ata. Nikadhani siafu. Nikashuka, nikajikuna, hamna siafu. Nikapakwa mafuta ya nazi na karafuu, nikachuliwa na kila mwenye mikono. Kuna jirani yangu anachua kama anakanda chapati za harusi, aliponiachia nilikuwa najua majina ya mifupa yangu yote. Hamna kitu. Kusi ikaingia, usiku natoka jasho mpaka mke wangu ananiuliza nimetoka kuogelea na nani. Suruali zikanipwaya. Kamba ya kufungia suruali ilikuwa inanizunguka mara moja, ikafika inanizunguka mara mbili na inabaki ya kufungia mbuzi. Halafu katikati ya mgongo kikaota kinundu, kama dafu changa. Nikajipima kwenye fremu ya mlango, nimepungua! Watu wakija nawaambia sijaumwa, nimetoa inchi zangu nimemtumia mwanangu Marekani.

Nilikuwa nacheka, lakini msidhani nilikuwa nacheka na ndani. Msimu wa embe ulipoingia, miguu ikagoma. Asubuhi moja niliiambia tusimame, ikanitazama kama miguu ya mtu mwingine. Nikaipiga kofi. Mkono ukasikia, mguu haukusikia.

Hapo nyumba ikapasuka mbili. Dada yangu mkubwa akasema nimepandwa na kitu, nipigiwe ngoma. Mama Faki, mke wangu, akasema hospitali. Nimelala katikati yao kama samaki mnadani, huyu anavuta mkia, huyu anavuta kichwa. Dada akamwambia mke wangu, "Unataka akafie bara." Mke wangu aliingia ndani akafunga godoro kwa kamba, akatoka nalo kichwani, akasema, "Mwenye kumpenda Shomari ashike miguu." Dada yangu alilia, lakini miguu alishika.

Hospitali ya wilaya wakaniangalia, wakaniandikia Dar. Boti ya kuvuka kutoka kisiwani kwenda Nyamisati nilipandishwa na godoro langu. Kila abiria ananipa pole. Babu mmoja akaniombea dua nzuri sana, mpaka katikati nikagundua ni ya marehemu. Nikamwambia, "Babu, hiyo iweke akiba." Akaruka, akakaa mbali na mimi mpaka tukafika.

Dar sasa. Benchi la Dar ni refu, linaanza Januari. Mke wangu alikuwa ananiegemeza ukutani kama mkeka uliokunjwa, yeye anashika foleni. Mama mmoja nisiyemjua aliniona navyohangaika na ubao mgumu, akavua kanga yake ya juu, akaikunja, akaniwekea mgongoni. Jina lake hakunipa na kanga hakuirudia. Jamani, mkiwa na mgonjwa msisubiri kuwa na kitu kikubwa cha kumpa. Ile kanga mimi naiona kama nyumba ya ghorofa.

Halafu akapita mwanamume na fimbo, anachechemea. Akanitazama, akaniuliza, "Miguu?"

Nikamwambia, "Miguu."

Akapandisha shati. Mgongo wake una nundu kama ya kwangu. Akasema, "Mimi nililetwa hapa ndani ya mkokoteni wa maji. Siku hizi mkokoteni nausukuma mwenyewe. Meza dawa zao mpaka ya mwisho, hata ukipata nafuu, usiache." Akaenda zake. Na mimi ndiyo maana nimewaiteni hapa leo, nikupasheni maneno ya mtu wa mkokoteni.

Wakanipiga picha, wakaniingiza kwenye bomba linalopiga kelele kama mashine ya kukoboa, wakatoa maji mgongoni. Wakasema ni TB. Nikawaambia sikohoi. Wakasema hii yako haikwenda kifuani, imekwenda kukaa kwenye mfupa, inakula pingili. Dawa mwaka mzima.

Tulikuwa tumefikia kwa ndugu, Mbagala. Waliposikia TB, kesho yake nikaona kikombe changu kimewekwa dirishani peke yake. Daktari kasema yangu haiambukizi, iko ndani ya mfupa, nani asikie? Nikanywa chai yangu nusu, nikakirudisha kikombe dirishani. Mke wangu akakichukua kile kikombe mbele ya wote, akainywa nusu iliyobaki, akapangusa mdomo, akasema, "Sukari imezidi." Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ana mke, namuuliza tu: wa kikombe au wa jina?

Tukarudi Kirongwe na mfuko wa dawa na mkanda mgumu wa mgongo unaonishika kuanzia kwapani mpaka kiunoni, nikawa kobe. Vidonge vyekundu hivyo, siku ya kwanza mkojo ukatoka rangi ya soda ya machungwa. Nikamwita mke wangu nikamuusia mashamba yote, hata ya jirani. Sista Anjela wa zahanati akacheka mpaka akashika meza, "Mzee, ni rangi ya dawa!" Hakuna aliyenitahadharisha, basi mimi nakutahadharisheni. Na kila asubuhi mke wangu ananisimamia: "Fungua mdomo. Inua ulimi." Kama polisi wa bandarini.

Sasa niwajulishe Tatu. Tatu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, analima mwani huko Ndagoni. Binamu kwetu ni mtani wako, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata uko kwenye mkeka wa kufia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika ndio umeshindwa. Siku ya kwanza kuja kuniona alishuka kwenye bodaboda anapiga kelele toka njiani:

"Hajafa tu? Nimeacha mwani wangu bure!"

"Nakungoja wewe utangulie, ukanifagilie."

"Mama Faki, huyu mume wetu tumwagie maji, pengine atachipua."

Nilicheka mpaka mkanda ukalia. Mke wangu hakuwa anapenda. Yeye siyo mtani wa mtu, katoka kwa watu wakimya, na alikuwa kachoka. Usiku ananigeuza, asubuhi ananiogesha, mchana anafua nazi nilizokuwa nafua mimi. Mwanamume kuogeshwa kama kitoto, jamani, siyo kitu cha kusimulia. Nilikuwa nafumba macho, na yeye anafumba ya kwake, mnaogeshana hivyo hivyo kwa kupapasa.

Basi siku moja, kaskazi inakatika, dawa niko mwezi wa tatu, miguu bado imelala, akaja mzungu. Katumwa na timu mojawapo. Maana kule hawachagui mtu kwa macho. Wanaulizia kwao, chakula chake, tabia yake, wazee wake. Kaja na kijana wa hoteli za Utende wa kumtafsiria. Nikavalishwa kanzu, nikaegemezwa mito, nikawekwa kofia. Anaingia tu, macho kwenye miguu yangu.

Akauliza kwa upole: mzee anaumwa nini?

Kabla sijafungua mdomo, Tatu huyo. Kakaa mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Huyu? Muulize nani kwenye ukoo wao haumwi! Hawa migongo yao ya mabua. Babu yao alipiga chafya akakatika vipande viwili, tukamzika kwa safari mbili. Baba yake alikaa chini siku ya harusi, hakuinuka tena mpaka leo. Na huyo Faki, urefu wote ule, ngoja tu upepo wa kusi!"

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka, nikamwambia, "Nyie kwenu mmekatika vichwani." Kijana wa Utende anacheka na huku anatafsiri, neno kwa neno, hakuacha hata chafya. Mzungu hakucheka. Aliandika kwenye simu yake, akajishika kiuno, akanipa pole ya msibani. Akaondoka hata dafu hakumaliza.

Masika ikaingia. Faki akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Drafti inasemaje?"

Akasema, "Baba, nani kasema babu alikatika vipande viwili?"

Jamani, niligeuza macho kule barazani alikokaa Tatu.

"Wameandika ukoo wetu wote unavunjika migongo," anasema. "Na wewe huwezi kusimama, wameona kwa macho. Timu nyingine zimesikia. Mtu mrefu kama mimi wanamuogopea mgongo kuliko kitu chochote. Wamenipima, wangu mzima, lakini wanasema wa leo mzima, wa kesho je? Nilikuwa kumi wa mwanzo. Sasa wengi wamenitoa kabisa."

"Waambie ulikuwa utani!"

"Nimewaambia baba. Wananiuliza, mtu gani anamfanyia utani mgonjwa mbele ya mgeni?"

Mke wangu alikuwa anasikiliza, simu tumeweka sauti ya nje. Aliinuka, akatoka barazani, Tatu yuko pale anachambua mchele. Akamwambia, "Tatu. Njia ile pale."

Nikaita kutoka ndani, "Mama Faki, mtani hafukuzwi!"

"Basi mfuate."

Nimfuate na miguu ya nani? Tatu akaweka ungo chini, akajifunga kanga, akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuacha neno nyuma. Mwanangu kapoteza nafasi, mtani kaondoka, mke wangu hasemi na mimi isipokuwa "fungua mdomo, inua ulimi." Ukiniuliza kipi kiliniuma zaidi kwenye ugonjwa wote, ni hizo siku. Faki akataka kurudi. "Nirudi nikuuguze baba, drafti basi." Nikamwambia ukirudi utalala wapi, kinu tumeshakirudisha jikoni. Nilimwambia hivyo, halafu nikageukia ukutani.

Lakini Mungu ana njia zake ndogo ndogo. Asubuhi moja mvua inanyesha, mke wangu ananiogesha, kafumba macho kama kawaida. Mimi nimefumbua. Nikaona kidole gumba cha mguu wa kushoto kinatikisika. Sikukiamini. Nikakiambia tena. Kikatikisika tena!

Nikasema, "Mama Faki, fumbua."

Akafumbua. Akakitazama. Kata ya maji ikamdondoka. Tukakaa tunakitazama kile kidole wote wawili kama wanavyotazama mpira, kikitikisika tunashangilia. Siku hiyo ndiyo akasema na mimi. Na shemeji yangu alipopata habari akaja na boriti mbili, akazilaza uani juu ya nguzo, urefu wa kiuno, nipite katikati nimezishika. Siku ya kwanza nilisimama muda wa kusema bismillahi. Siku ya pili nikafika mpaka alhamdulillahi. Tukaenda hivyo, neno kwa neno.

Nikaenda kwa Daktari Kessy wetu wa Kilindoni, kijana wa Moshi. Nikamweleza mambo ya Faki.

"Mzee Shomari, TB mtu anaipata kwa hewa, harithishwi na babu. Mtoto wako hana chochote cha kuogopa kwenye damu yenu."

"Wewe unajua na mimi najua. Wao je?"

Akachukua picha zangu mezani. "Ukiniruhusu, nitaongea na daktari wa timu, nimuonyeshe picha zako. Ni siri yako, siwezi bila ruhusa."

"Muonyeshe hata utumbo!"

Faki akatafuta huko, daktari wa ile timu ya mzungu akakubali tuongee kwa simu ya picha. Lakini akasema anataka kumsikia na yule bibi aliyetoa habari za ukoo. Mwenyewe. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama paa. Halafu akavaa baibui, akasimamisha bodaboda, akaenda Ndagoni peke yake. Sikuwepo, lakini Tatu alinisimulia baadaye. Alimkuta kwenye mwani, maji ya magoti. Akavua ndara, akaingia mle mle na baibui lake. Akamwambia, "Umevunja kwa mdomo, njoo uunge kwa mdomo." Wakalia, wakamaliza mstari wa mwani pamoja, wakaja.

Alasiri ya simu tulikuwa uani. Daktari Kessy na picha zake, simu imeegemezwa kwenye kinu. Kioo kikawaka: mama wa kizungu mwenye mvi, ndiye huyo daktari wa timu, na pembeni yake Faki, amekunjwa ili aenee. Faki ndiye mtafsiri. Nikasema, mimi silali leo. Nikaingia kati ya boriti, nikasimama.

Madaktari wakaongea mambo yao, picha ya kwanza, picha ya pili, kidole hapa, kidole pale. Mimi jasho linachuruzika ndani ya ule mkanda, magoti yanacheza ile ngoma aliyoitaka dada yangu. Mke wangu ananiambia kwa chini, "Kaa." Namwambia, "Bado."

Yule mama mwenye mvi akauliza: wazee wa ukoo huu walikufa na nini?

Faki akamgeukia Tatu. "Shangazi, sema kweli tupu. Tafadhali."

Jamani, mngemuona Tatu. Nimesimama mbele yake kama kidungu cha kulindia mpunga, nimevaa gamba la kobe, natetemeka, na yeye ni mtani wangu. Utani ulimpanda mpaka kooni, niliona shavu linavimba. Alijiziba mdomo kwa kanga. Akameza. Machozi yakamtoka. Halafu akasema kwa sauti ya mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma mbele ya mwalimu:

"Babu yetu alikufa kwa homa, na wiki ile alikuwa amekwea. Baba yake Shomari alikufa mzee sana, mgongo umenyooka. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyepooza. Yale niliyosema yote ni uongo, nilikuwa namfurahisha mgonjwa. Mgonjwa asipotaniwa atajua anakufa."

Faki alitafsiri. Katikati sauti ikamkatika, akaanza upya. Akamweleza yule mama kwamba kwetu kuna mtu kazi yake ni hiyo, hata kaburini anaruhusiwa. Yule mama akavua miwani, akaipangusa. Akauliza kitu. Faki akacheka.

"Anauliza hiyo kazi wanaajiri?"

Hapo ndipo akanitazama mimi, akasema mzee anaweza kutembea? Nikaachia mkono mmoja. Nikaenda. Boriti nzima, mpaka mwisho. Msidanganyike, haikuzidi urefu wa jamvi, lakini mimi nawaambia nilitoka Kirongwe nikafika Bweni kwenye ncha ya kisiwa, nikageuka.

Yule mama akasema, "Nitawaambia nilichokiona. Lakini mimi sichagui." Kioo kikazimika, na mimi nikazimika juu ya mkeka.

Kusi ikaja, na siku yenyewe ikaja. Kule kwao ni jioni, kwetu ni alfajiri. Tukatoka kuswali moja kwa moja mpaka banda la video. Nilikwenda kwa miguu yangu na fimbo, bodaboda tatu zilinisimamia nikazifukuza kama kuku. Kirongwe nzima imo. Daktari Kessy kaja, Sista Anjela kaja na rozari, masharifu wana tasbihi, hapo Mungu alikuwa anaitwa kwa kila namba aliyonayo. Mke wangu kakaa kwenye jamvi mbele. Tatu pembeni yangu, kanga mdomoni.

Majina yakaanza. Siyo Faki. Siyo Faki. Wanaitwa vijana, wanakumbatiwa, wanapanda jukwaani, wanapewa kofia, wanapiga picha. Kumi wa mwanzo wakaisha. Kumi wa pili wakaisha. Jua limeshatoka, banda limeanza kuwa jiko. Kila mara wanamuonyesha Faki amekaa kwenye meza na mwalimu wake wa bara, aliyesafiri kwa ajili yake, na magoti yake Faki yamefika kidevuni. Anatabasamu. Mimi nalijua lile tabasamu, ndilo nililokuwa nalo juu ya mito siku mzungu alipokuja.

Nikasema moyoni, ya Rabbi, ulichukua inchi zangu zote, sikugombana. Hii moja tu.

Ikafika zamu ya ile timu ya mzungu. Wa mwisho mwisho kabisa. Jamaa mfupi mwenye suti akaja kwenye kipaza sauti, akafungua karatasi. Akasoma. Sikusikia jina, nilisikia "Tanzania" tu, halafu sikusikia tena kitu, maana paa la banda liliondoka. Wallahi, mabati yalipanda na kurudi. Nilirushwa juu na watu waliosahau nina mgongo, nikashushwa, nikarushwa tena. Tatu kanikumbatia ananiita marehemu wangu, marehemu wangu. Daktari Kessy analia. Mimi nilitaka kuwaambia watu neno la fahari, nimelitayarisha mwezi mzima, likaishia "mwanangu yule, mwanangu yule," nawaonyesha kwa fimbo, kama kuna mwingine kwenye kioo anayefika taa.

Faki akainuka. Aliinuka muda mrefu, nyie! Akapanda jukwaani. Yule mfupi wa suti kashika kofia, ananyoosha mkono, haifiki. Anasimama kwa vidole vya miguu, haifiki. Banda lote tukasimama kwa vidole tumsaidie. Faki akatabasamu, akaanza kumuinamia taratibu ili avikwe.

Ndipo mke wangu, yule yule asiyetaniana na mtu, akaruka kutoka kwenye jamvi, mikono juu, akapiga kelele mpaka Ndagoni wakasikia:

"Faki! Usiiname! Watasema mgongo!"